Mvua ikinyesha mlimani, shabiki hahesabiwi

Jumatatu ya Mei 24, 2021, tuliowasha televisheni kuangalia hatua ya 16, yaani mbio za siku ya 16, ya Giro d'Italia, mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia, tuliishia kutazama lami iliyolowa. Kamera ya mstari wa kumalizia, mjini Cortina d'Ampezzo, ilituonyesha lango, vizuizi vya chuma, miavuli na mvua, basi. Mbio zenyewe zilikuwa juu, kwenye Passo Giau, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na huko mwendeshaji Egan Bernal alikuwa amewaacha wenzake wote. Hatukumwona akichomoka. Tulimwona alipoibuka mjini peke yake, na kabla ya kuvuka mstari akalivua koti la mvua akiwa bado juu ya baiskeli ili jezi yake ya waridi, ile ya anayeongoza msimamo wa jumla, iingie pichani. Aliwashinda waliomfuata kwa sekunde 27. Namna alivyozipata sekunde hizo, dunia nzima ilisimuliwa tu.

Sababu ya giza lile ni ya kiufundi. Pikipiki yenye kamera haiwezi kupeleka picha moja kwa moja hadi kwenye magari ya matangazo wakati milima imekaa katikati. Inazirusha juu, kwa helikopta au ndege inayozunguka angani, na hiyo ndiyo inayozishusha. Wingu zito likikaa mlimani vyombo hivyo haviruki na picha zinakatika. Ajabu yake ni kwamba siku ambayo mbio zina mambo mengi ya kuonwa ndiyo siku ambayo televisheni inaweza kupofuka wakati wowote.

Waliomwona Bernal akipanda Giau kwa macho yao ni wale waliokuwa kando ya barabara, wamelowa hadi mifupani. Ninaanzia kwao kwa makusudi, kwa sababu kila mara hali ya hewa inapoharibu hatua ya mbio kubwa, mjadala unaofuata huwa wa pande mbili: waendeshaji wanaosema hapafai, na waandaaji wanaosema mbona zamani walipita. Yule aliyelala mlimani hatajwi, au anatajwa kama kisingizio tu: "tumewaangusha mashabiki." Mimi sidhani kuwa kufupisha hatua ni kumwangusha shabiki. Kinachomwangusha ni kutohesabiwa wakati uamuzi unapofanywa, na safari moja kutohesabiwa huko kulikaribia kuharibu mbio zenyewe. Nitafika huko.

Asiyewahi kungoja mbio mlimani anaweza kudhani kazi ya shabiki ni kupiga kelele. Kazi yake hasa ni kungoja. Barabara ya mlima mkubwa hufungwa kwa magari saa nyingi kabla ya mbio kufika, hivyo anayetaka nafasi nzuri hulala huko huko, ndani ya gari au hema, au hupanda kwa miguu asubuhi na mapema. Kwenye Tour de France, mashindano makubwa ya Ufaransa, msafara wa magari ya matangazo ya biashara hutangulia waendeshaji kwa saa mbili hivi, ukirusha kofia na vijizawadi. Watu wanagombania, wanacheka, halafu kimya kinarudi. Jua likiwaka, kungoja huko ni starehe, watu wanapiga soga na wengine wanalala chali kwenye majani. Mvua ikianza ni habari nyingine.

Tazama mikono ya watu ikifika saa ya tatu ya mvua. Huyu ameshika mwavuli kwa mikono miwili kwa sababu upepo unaupindua kila baada ya dakika chache. Yule amevaa mfuko wa takataka aliotoboa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono. Bendera iliyokuwa ikipepea asubuhi sasa imejikunja kwenye mlingoti wake kama tambara la kudekia. Simu ipo, lakini kioo kilicholowa hakisikii kidole, na hata kikisikia, mtandao wa mlimani umeelemewa na maelfu ya watu wanaouliza swali lile lile: wako wapi sasa?

Baridi ya shabiki na ya mwendeshaji si baridi moja. Mwendeshaji akipanda, mwili unamchemka. Kiama chake ni mteremko, pale nguo zilizolowa jasho na mvua zinapokutana na upepo wa kasi ya kilomita 70 kwa saa na vidole vinakufa ganzi hadi breki hazishikiki. Isitoshe, kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi sita au saba, kwa hiyo manyunyu ya bondeni yanaweza kuwa theluji kileleni. Shabiki hapandi wala hateremki. Amesimama, na baridi inamwingia taratibu kuanzia kwenye nyayo. Hata hivyo kwa miongo mingi yeye ndiye aliyesimama kileleni akiwanyooshea waendeshaji kurasa za magazeti, wazisokomeze kifuani ndani ya jezi kabla ya kuteremka. Karatasi ya gazeti inazuia upepo vizuri ajabu. Sijui mchezo mwingine mkubwa ambao mtazamaji amewahi kuwa mtoa vifaa.

Sasa tuje kwenye mapenzi yetu ya kuona watu wakiteseka, maana nayo yapo na hatuwezi kuyaficha. Kila shabiki wa baiskeli anajua habari ya Juni 5, 1988, hatua ya Giro kutoka Chiesa Valmalenco hadi Bormio kupitia mlima wa Gavia. Theluji ilianguka, barabara ya juu ilikuwa bado haijawekwa lami yote, na waandaaji wakaamua twende hivyo hivyo. Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza akiwa na mikono mifupi. Kuteremka kukamshinda. Ikambidi asimame ajinusuru kwanza, na alipomaliza alikuwa amepoteza takriban dakika 47. Erik Breukink alishinda hatua, na Andrew Hampsten, ambaye timu yake ilikuwa imenunua glovu na nguo za joto kwenye maduka ya vifaa vya mchezo wa theluji, akavaa jezi ya waridi na kuivaa hadi mwisho wa mashindano. Kabla yake kulikuwa na siku ya mlima Monte Bondone, Giro ya mwaka 1956, ambapo Charly Gaul alishinda ndani ya theluji huku zaidi ya wenzake 40 wakiacha mbio siku hiyo hiyo.

Hadithi hizi ni tamu. Nimezisoma mara nyingi na nitazisoma tena. Tatizo linaanza tunapozigeuza kuwa deni, tukimtazama kijana wa leo aliyeinua mkono kusema barabara ina barafu na kumjibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hampsten aliponea kwenye maandalizi ya watu wake. Van der Velde naye alikuwa shujaa hadi kileleni, na baada ya hapo akawa mtu aliyekaribia kuganda. Shabiki anayesema "warudishe Gavia ya 1988" anaomba ile picha ya kileleni, ile iliyobaki kwenye vitabu. Za mtu anayetetemeka kando ya barabara hazikubaki nyingi, na laiti zingebaki nadhani tungeongea tofauti.

Tangu mwaka 2016 chama cha kimataifa cha mchezo huu, UCI, kina itifaki ya hali mbaya ya hewa. Inataja mambo yanayoweza kuitisha kikao: mvua inayoganda, theluji inayojaa barabarani, upepo mkali, joto au baridi ya kupindukia, ukungu wa kuziba macho, uchafu wa hewa. Kwenye kikao wanakaa mwandaaji, daktari wa mbio, mwakilishi wa waendeshaji, wa timu, mkuu wa waamuzi na mkuu wa usalama wa mbio. Wanaweza kubadilisha mahali pa kuanzia au pa kumalizia, kubadilisha saa, kuruka kipande cha njia au kufuta hatua. Ni utaratibu mzuri, na ninautetea. Lakini ukiangalia viti vyote hivyo, hakuna aliyekalia cha watazamaji. Utaniambia mwandaaji na mkuu wa usalama wanawawakilisha. Labda. Mwandaaji anawakilisha pia miji iliyolipa ili mbio zipite kwao, na televisheni iliyonunua haki, na wadhamini. Wote hao wana mikataba. Shabiki wa barabarani hana hata tiketi. Huu ni mchezo wa bure, ndiyo raha yake, na kwa kuwa ni wa bure hakuna stakabadhi ya kwenda nayo dirishani kudai.

Siku nyingine ni kweli hapana wa kulaumiwa. Julai 26, 2019, Tour ilikuwa inaelekea Tignes. Bernal, huyu huyu, alishambulia kwenye mlima wa Iseran na kufika juu akiwa wa kwanza, na Julian Alaphilippe aliyekuwa na jezi ya njano, ile ya anayeongoza Tour, alipita zaidi ya dakika mbili baadaye. Upande wa pili mvua ya mawe ilikuwa imeifanya barabara kuwa nyeupe, na udongo ulikuwa umeporomoka njiani. Waendeshaji walisimamishwa wakiwa wanateremka, muda ukahesabiwa kutoka kileleni, hatua ikabaki bila mshindi, na Bernal akapata jezi ya njano ndani ya hatua ambayo haikumalizika. Wale waliokuwa wamejipanga kwenye mpando wa mwisho wa Tignes hawakuona baiskeli hata moja ya mashindano. Nani angefanya nini? Mawe yaliteremka kwa dakika chache. Kesho yake hatua ya Val Thorens nayo ilikatwa hadi kilomita 59 kwa sababu udongo ulikuwa umeporomoka mahali pengine, na walau hilo lilitangazwa mapema.

Nyakati nyingine ni tofauti. Mei 2023, hatua ya 13 ya Giro, kwenda Crans-Montana, ilipangwa kuwa ya kilomita karibu 200. Ikaishia kuwa ya kilomita 75 hivi, na uamuzi wa mwisho ukatolewa asubuhi ile ile, waendeshaji wakiwa tayari mahali pa kuanzia. Mwaka uliofuata, siku ya kutoka Livigno, hatua ya kilomita zaidi ya 200 ilikatwa hadi 118 baada ya mvutano uliofika mpaka saa ya kuanza. Mvutano huo ulikuwa umeanza kitambo, na utabiri wa hewa ulikuwa mezani kwa siku kadhaa. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya Alps mwezi Mei si siri ya mtu. Kila mwaka Giro inapangiwa vilele ambavyo theluji yake ndiyo kwanza inakwanguliwa barabarani, na kila mwaka tunashangaa upya.

Sipingi kilichoamuliwa siku hizo. Mzozo wangu ni na saa yake. Pande mbili zinapovutana hadi dakika ya mwisho ili kila mmoja aone nani atalegea kwanza, anayelipia mvutano ni mtu aliyefika kwenye kona yake usiku wa jana, ambaye sasa amekaa upande wa njia iliyofutwa. Hawezi kuhama. Barabara imefungwa, gari lake liko kilomita kadhaa bondeni, na hakuna aliyemwambia chochote isipokuwa jirani aliyesikia redioni kwamba "kuna jambo linazungumzwa".

Lakini taarifa peke yake haitoshi, na hapa ndipo Ventoux, mlima wa Ufaransa, inapoingia. Hatua ya 12 ya Tour ya 2016 ilikuwa imalizikie kileleni siku ya Julai 14, sikukuu ya taifa ya Ufaransa. Utabiri ulisema upepo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa juu kule. Jioni ya kabla, waandaaji wakatangaza kuwa mstari utashushwa kilomita 6 hadi Chalet Reynard. Uamuzi sahihi, umetangazwa siku moja kabla, mwendeshaji amelindwa. Kila kitu nilichokuwa nadai hapo juu.

Ila fikiria umati. Watu waliokuwa watawanyike hadi kileleni, kwenye uwanda ule wa mawe meupe usio na mti, sasa hawakuwa na sababu ya kubaki huko. Walishuka. Waliokuwa wamepanga kuja siku ya sikukuu walikuja vile vile. Mlima ukapungua kilomita 6 na watu hawakupungua, wakabanana kwenye kipande kilichobaki. Karibu na mwisho, mahali pasipo na vizuizi, umati uliziba njia, pikipiki ikakwama, Richie Porte akaigonga, na Bauke Mollema na Chris Froome wakaanguka juu yake. Baiskeli ya Froome ikavunjika. Dunia ikamwona mtu mwenye jezi ya njano akikimbia kwa miguu kupanda Ventoux na viatu vya baiskeli. Matokeo ya awali yalimpa jezi Adam Yates, kisha waamuzi wakakaa na kumpa Froome muda uleule wa Mollema, na jezi ikabaki kwake.

Watu wengi walikumbuka vichekesho vya mbio zile za miguu na kulaani mashabiki walevi. Walikuwepo, sikatai. Lakini kiini cha tukio kilikuwa hesabu rahisi ambayo haikupigwa hadi mwisho: ukikata njia, umati wake unakwenda wapi? Upepo ulihesabiwa. Usalama wa waendeshaji juu kileleni ulihesabiwa. Umati ulichukuliwa kama mandhari, kitu kinachokaa mahali pake kama mawe ya Ventoux. Naam, umati una miguu. Hivyo ninaposema shabiki ahesabiwe siombi huruma, maana asipohesabiwa mwendeshaji ndiye anayegonga pikipiki.

Kuna upande mwingine wa shilingi na sisi mashabiki hatuusemi sana. Mvua inatuharibu tabia. Mtu aliyengoja saa sita kwenye maji anataka kufidiwa, na fidia iliyo karibu ni kusogea, hatua moja, ya pili, hadi ile njia ya waendeshaji imebaki upana wa mabega. Mwavuli ulio wazi kwenye upepo, unaoelekezwa barabarani, ni kitu cha hatari kuliko bendera, kwa kuwa bendera iliyolowa angalau imenyong'ea. Na kwenye lami yenye maji, mwendeshaji anayekukwepa hana pa kwendea, kwani akipindisha usukani ghafla tairi linateleza. Ukifika wakati wa wao kupita, kunja mwavuli. Utalowa, lakini tayari umeshalowa.

Turudi kwenye taarifa, maana hapo pana kosa ambalo hata wenye redio masikioni walilipia. Mei 27, 2014, Giro ilipita milima ya Gavia na Stelvio siku moja, theluji ikianguka. Juu ya Stelvio ilitangazwa kuwa pikipiki zenye bendera nyekundu zitawatangulia waendeshaji kwenye kona za mwanzo za mteremko, ili mwendo udhibitiwe. Timu nyingine zikaelewa kwamba mbio zimesimamishwa hadi chini, nyingine zikaelewa kwamba mbio zinaendelea kwa tahadhari. Nairo Quintana akateremka na wachache, akashinda hatua iliyoishia Val Martello, na Rigoberto Urán, aliyekuwa na jezi ya waridi, akapoteza zaidi ya dakika nne. Ubishi haujaisha mpaka leo. Sasa ikiwa watu wenye redio, magari na wakurugenzi wa timu hawakuelewana kuhusu sentensi moja, yule aliyesimama kwenye kona akiwa na simu isiyosikia kidole alikuwa anaelewa nini? Alimwona Quintana akipita, akahesabu dakika, akaona wengine wanapita taratibu, na hakuwa na njia ya kujua kama anashuhudia shambulio la kihistoria au mkanganyiko.

Ninachotaka hakihitaji fedha nyingi. Kwanza, utabiri ukishaonyesha hatari, njia mbadala ichapishwe siku mbili kabla, pamoja na saa ya mwisho ya kuamua, na saa hiyo iheshimiwe na pande zote mbili, waendeshaji na waandaaji. Njia mbadala hiyo iwe na mpango wake wa umati: vizuizi vinahamia wapi, watu wanasimamishwa wapi, nani anazuia wasishuke wote kwa pamoja. Halafu kuna jambo dogo kabisa. Kwenye kila mlima hupita magari na pikipiki nyingi za mbio kabla ya waendeshaji, baadhi zikiwa na vipaza sauti vinavyotangaza bidhaa. Kipaza sauti kinachoweza kutangaza bidhaa kinaweza kusema "wamekatiza njia, hawatapita hapa, shukeni polepole." Dakika mbili kila kona. Tignes mwaka 2019 mlima uliokuwa unaporomosha udongo ulikuwa na watu wasio na gari la timu la kuwachukua.

Na shabiki ataendelea kwenda, hilo halina shaka. Mei 24, 2013, hatua ya 19 ya Giro ilifutwa yote kwa ajili ya theluji. Kesho yake hatua ikaelekea Tre Cime di Lavaredo, theluji bado inaanguka, na watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, kofia zimekuwa nyeupe, wakati Vincenzo Nibali anapita kati yao na jezi yake ya waridi kwenda kushinda. Nyuma yake, kwa muda mrefu, waliendelea kupita wengine mmojammoja, nyuso za buluu, wakipambana na muda wa kikomo. Hao ndio ninaowapenda zaidi kuwatazama siku ya mvua, kwa kuwa wanapita taratibu kiasi cha kukuona nawe pia. Baada yao linapita gari la kufagia, lile linalobeba walioshindwa. Barabara bado haifunguliwi, magari ya timu yanateremka kwanza. Unangoja tena, safari hii hakuna wa kumngojea, na soksi zako zimejaa maji.